Uji wa mama mkwe na kidonge changu cha tezi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Ninayoandika ni kweli tupu. Anayebisha aje Buhongwa amuulize mama mkwe wangu, ila aje na njaa, maana hatatoka pale bila kulishwa.

Mimi Msukuma, nimeolewa na Mhaya. Tulieni, najua mnachotaka kusema.

Nina tatizo la thyroid, ile tezi ya shingoni. Kinga ya mwili wangu imeacha kupambana na magonjwa, inaipiga tezi yangu mwenyewe. Dawa ni kidonge kila asubuhi, maisha yote.

Nikapata mimba. Daktari akanikalisha chini: miezi ya mwanzo mtoto anategemea tezi ya mama. Ikilegea, ubongo wake unaweza kuathirika, au mimba ikatoka. Akaongeza dose.

Niliogopa sana, sitawaficha. Mimba ya kwanza ilishatoka, hii nilikuwa naibeba kama yai.

Mume wangu akafanya anachofanya kila akishikwa na hofu. Akampigia mama yake.

Mama akaja na meli ya Bukoba, mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna na imani moja: mjamzito haamki akakaa na tumbo tupu.

Kabla jogoo hajawika, hodi! Uji wa ulezi uliojaa maziwa.

"Kunywa mwanangu, nikuone."

Na kweli anasimama kukuona. Najua, kidonge niliambiwa nimeze na maji matupu, kisha nisubiri kama saa nzima kabla ya kula. Lakini mama mkwe kasimama na kikombe, wewe mkamwana utasema nini? Napiga magoti, napokea, nakunywa. Kidonge humo humo, pamoja na vile vya kuongeza damu vya kliniki, nimalize kwa mpigo.

Vipimo vikarudi vibaya. Dose ikaongezwa. Vikarudi vibaya tena.

"Unameza na nini?" daktari akauliza.

Nikamweleza. Akavua miwani.

"Dada, maziwa na vidonge vya damu vinakizuia kidonge cha tezi. Unakimeza, lakini mwilini hakiingii."

Sasa nani amwambie mama? Mume wangu, mwanaume mwenye ndevu zake, akasema mgonjwa ni wewe, sema wewe. Nikamwambia mama ni wako. Ghafla akakumbuka ana kikao.

Jumamosi jioni tunachambua mchicha, nikajikaza.

"Mama, kwa nini Jumapili huli kitu kabla ya misa?"

Mama ni Mkatoliki wa zamani, kabla ya komunyo hata maji anayaonea shaka.

"Si naenda kumpokea Bwana? Tumbo linatakiwa litulie."

"Basi na kidonge changu kinataka hivyo hivyo, mama. Kikikuta uji hakifanyi kazi, na anayekosa ni mjukuu wako."

Akaacha mchicha.

"Yaani namnyima mjukuu kwa mkono wangu mwenyewe?"

Machozi yakamlenga. Mimi nililia kabisa. Mume wangu akatoka chumbani mbio akidhani kuna msiba.

Kuanzia kesho yake nyumba ikapata mlinzi. Hodi ipo palepale, ila sasa na glasi ya maji. Mlango wa jikoni anaukalia yeye mpaka muda upite. Hata mume wangu akanyimwa chai, eti atanitamanisha. Vidonge vya damu akavihamishia kwenye mkoba wake, ananipa mchana baada ya kula.

Vipimo vikakaa sawa. Nimejifungua binti, kapimwa, tezi yake nzima. Akilia, mtaa mzima unaamka.

Nilichojifunza: wenye tatizo hili, muulizeni daktari dawa inamezwaje na ipishane na nini, kisha mfuate hivyo hivyo. Jingine ni langu mimi. Nilimwogopa mama mkwe mpaka nikakaribia kumpoteza mtoto, kumbe hakuna aliyemtaka mtoto huyo kuliko yeye.

Wenye tezi, wenye wakwe, leteni yenu. Na kina baba mnaruhusiwa kujitetea.