Gari Nililompitishia Mzee Kornelio

Mie Mfaume nina hasira za karibu, gereji nzima pale Temeke wanalijua hilo. Ukinishikia tochi vibaya tunagombana. Lakini mzee Kornelio sijampandishia sauti hata siku moja, na ndiyo maana habari yake inanichoma. Miaka ishirini na saba nafungua injini za watu, nimetengeneza, nimeharibu, na usingizi nimelala. Hili moja ndilo limenikaa kooni.

Kornelio ni mtu wa Kibosho, karani mstaafu wa mahakama. Ni mtu ambaye hata risiti ya soda anaikunja anaiweka mfukoni. Gari lake, saluni nyeupe, nimelihudumia miaka kumi na minne. Ukimwambia njoo saa mbili, saa mbili kasoro yupo getini na gazeti lake. Alipostaafu akamalizia nyumba Kinyerezi, vyumba vitatu na baraza, akahamia na mkewe Demetria, ambaye sie tunamwita Mama Didas. Watoto wao wawili ni walimu huko mikoani, nao wana wao wa kusomesha.

Hawakumaliza mwaka kwenye ile nyumba, figo za Mama Didas zikagoma zote mbili. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, hospitali mjini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wiki nenda wiki rudi. Mashine bima ya wastaafu inalipa. Njia ndiyo haina wa kuilipia. Kilomita ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi, na mtu akitoka kwenye ile mashine hata kusimama ni kazi. Walijaribu bajaji, ikamrusha njia nzima, akazimia kabla hawajafika Tabata. Gari za kukodi kwa simu zilimaliza pensheni ya mwezi kwa wiki mbili. Na ile saluni nyeupe ilikuwa imechoka, inakunywa petroli tu.

Kuna mtu kanisani akamwambia habari za magari ya umeme. Jioni akanipigia simu: "Fundi, kuna moja liko yadi hapa Kinondoni. Bei yake naiweza. Lakini silinunui mpaka wewe ulione."

Ndivyo tunavyonunua magari hapa mjini. Mtu akishika hela zake mkononi, anatafuta kwanza fundi wake wa siku zote aje alipitishe gari. Fundi akisema ndiyo, hela inatoka. Nikavaa shati safi nikaenda.

Nililikuta limeoshwa, linang'aa, ile aina ya magari yaliyonyanyuka kidogo, si saluni na si jipu. Limetoka Japani, maandishi yote ya Kijapani. Kilomita chache ajabu. Nikafungua boneti. Lahaula! Hakuna plagi, hakuna mkanda, hakuna kijiti cha kupimia oili. Sanduku la bati na nyaya za rangi ya chungwa. Sasa hapo mtu mwenye akili zake angesema, mzee, hili silijui. Maneno matatu tu. Lakini muuzaji, kijana mmoja anaitwa Anwar, alikuwa amesimama pale na miwani yake ya jua, na mzee Kornelio ananiangalia kama vile naangalia mtoto wake mgonjwa. Nikaona haya. Fundi wa miaka yote hiyo niseme sijui mbele ya kijana mwenye miwani?

Nikaingia uvunguni. Nikagonga bushi, nikatikisa tairi, nikapitisha kidole chini. Nikatoka nikasema kwa sauti: "Mzee, chini kukavu. Halina hata tone la oili. Gari bikira hili." Litavuja oili gani, jamani, na oili yenyewe haimo! Ndio ufundi wangu wa siku ile.

Halafu likaja lile la kwenye dashibodi. Palikuwa na safu mbili za vijiti vidogo vya mwanga. Safu ya nje ilikuwa na nafasi kumi na mbili, vijiti vinavyowaka saba. Mzee akaniuliza vile ni vya nini. Nikamjibu bila kupepesa: "Hiyo ni chaji, mzee. Iko zaidi ya nusu. Ukilichaji usiku kucha, asubuhi vimejaa vyote." Anwar akatabasamu, akasema, "Fundi wako yuko vizuri." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka au na yeye alikuwa kipofu mwenzangu.

Vile vijiti havikuwa vya chaji. Vilikuwa vya uhai wa betri yenyewe. Kikishazimika kimoja, hata ulichaji mwezi mzima hakirudi. Betri ilikuwa imeshakufa karibu nusu, na mie ndiye niliyesema inunuliwe. Mzee akauza saluni, akachanganya na kiinua mgongo kilichobaki, akalipa.

Miezi mitano ya mwanzo walikuwa na raha. Gari likijaa linakwenda kilomita tisini, mjini wanakwenda na kurudi kwa umeme wa elfu nne. Halina kelele, Mama Didas analala njia nzima. Mzee ananipigia simu bila sababu: "Fundi, Mungu akubariki." Nami naitikia amina.

Mwezi wa sita akapiga tena. "Fundi, vile vijiti havijawahi kujaa, na sasa vimebaki sita." Nikamwambia asafishe vichwa vya betri. Vikabaki vitano. Nikamwambia abadili matairi, labda yanavuta. Akabadili, masikini, manne yote, na siku zile alikuwa anajibana mpaka sukari ya chai. Nilikuwa namzuga. Sikujua nifanye nini, na kila nisipojua nilikuwa namtafutia kitu cha kununua. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Gari likijaa liliposhuka mpaka kilomita hamsini, nikameza mate nikampeleka kwa dada mmoja anaitwa Blessing, ana karakana ya magari ya umeme kule upande wa Mbezi. Binti mdogo, kucha safi. Akachomeka kompyuta, hata boneti hakufungua. Dakika kumi akasema, "Baba zangu, betri imezeeka. Lina miaka kumi na miwili hili, na joto la Dar linaimaliza hata likiwa limeegeshwa. Kilomita chache hazisaidii kitu."

"Sasa inatengenezwaje?" nikamuuliza.

"Hii hapa haitengenezwi. Unaagiza nyingine." Akataja bei. Ilizidi bei waliyonunulia gari zima.

Mzee Kornelio akavua kofia, akaivaa tena. Akaniangalia mie, si yule binti. Tukarudi yadi kwa Anwar tumuuzie hata kwa hasara. Anwar akachungulia vile vijiti, safari hii alijua kuvisoma, akasema hachukui hata bure.

Mie nimezoea gari lenye ugonjwa. Linagonga, linatoa moshi, unafungua, unamkuta mchawi wako, unamtoa. Hili halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linapungua tu, na mie nimesimama na spana mkononi nalitazama linavyopungua.

Mwaka wa pili likawa linakwenda kilomita arobaini, na safari ni arobaini na nne. Ikawa wakirudi lazima wapite Tabata kwa shemeji yake mzee, wapitishe waya dirishani, wachaji masaa mawili, Mama Didas kalazwa kwenye mkeka anatapika. Na umeme nao una mambo yake. Kinyerezi mitambo ya gesi inayofua umeme wanaiona kutoka uani, lakini ukikatika umekatika, mzee anabaki na waya wake. Mara mbili liliwazimikia barabarani mama akiwa ndani. Hapo ndipo mzee akamwita dalali aje kuiona nyumba. Alitaka kuuza nyumba anunue betri.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, namwona huyo anaingia gereji na mkungu wa ndizi begani, anacheka peke yake.

"Fundi! Daktari kapunguza! Sasa ni Jumatatu na Ijumaa tu. Jumatano kafuta. Anasema figo zimeanza kuitikia."

"Wewe mzee, usinitanie!"

"Nakuambia! Dalali nimeshamfukuza. Na gari likipumzika katikati ya wiki, chaji inakaa. Ni hili gari, fundi. Angekuwa anarushwa na bajaji angepata nafuu vipi? Ulinichagulia vizuri." Akautua ule mkungu mezani kwangu.

Karani aliyesoma mafaili ya watu miaka thelathini hakuuliza hata kipande cha karatasi. Na mie sikuuliza. Nilifurahi, kusema ukweli nilifurahi kuliko yeye. Zile ndizi nilizila zote na wanangu.

Mwezi uliofuata, Jumatatu, gari likagoma kabisa kuchaji. Mzee akanipigia. Mie fundi magari sina gari, lakini nilikuwa na la mteja ambalo ilibidi nilijaribu breki, nikasema litajaribiwa Kinyerezi. Mzee akabaki na gari lake, mie nikampeleka mama. Tulipofika getini akasema nimwache hapo hapo, atatembea. Baadaye ndiyo nimejua kwamba hata mumewe alikuwa anamzuia pale pale, anamwambia katafute kivuli, betri haipendi jua. Mie nikakataa. Mtu anayumba vile namwachaje? Nikamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha mashine.

Nesi mmoja, kifuani kaandikwa Najat, akatupokea kwa ukali: "Mama, Jumatano zote hizi uko wapi? Unajua unachofanya?"

Mama Didas akasema alisafiri. Nesi akamtazama miguu, akanitazama mie, akadhani mie ndiye mwanawe. "Mara mbili hazimtoshi huyu. Maji yanajaa, yakifika kwenye moyo msije kutulilia hapa."

Nilimngoja masaa manne, nimeketi kwenye benchi. Tulipoingia garini sikuwasha. Nikamwambia, mama, hakuna daktari aliyepunguza.

"Hakuna," akasema. "Na wewe usimwambie."

"Mama, utakufa!"

"Akijua anaiuza nyumba, Mfaume. Anauza, ananunua betri, betri inazeeka, mie nakufa vilevile. Halafu yeye analala wapi? Kwa Didas, kwenye chumba cha kupanga? Niapie."

Nikaapa. Msiniulize kwa nini. Mtu mgonjwa kakushika kwa mkono wenye bandeji, anakuomba kwa kunong'ona, na ubaya wote umeuanzisha wewe. Nikaapa, nikawasha gari la watu, nikamrudisha nyumbani. Mzee alikuwa kwenye baraza na uji wa moto, gari limekubali tena kuchaji.

Wiki tatu nilikaa na siri hiyo. Nilifunga breki za mtu nikasahau nati, nikampiga makelele msaidizi wangu kwa kosa langu. Jumatano ya kwanza nilimpata mteja wa kuniazima gari, nikapiga simu, Mama Didas akasema ana wageni. Ya pili gari sikupata. Kila mzee aliponipigia nilimsikia mchangamfu, ananihadithia kwamba mkewe kanenepa miguu, amemnunulia kandambili kubwa.

Kanenepa miguu! Jumatano ya tatu nikafunga gereji asubuhi, nikapanda bodaboda mpaka Kinyerezi.

Mzee alikuwa uani anaosha gari. Mama Didas kaketi kwenye kiti barazani, kajifunika kanga kuanzia kiunoni, anahema mdomo wazi. Aliponiona tu alijua. "Fundi, karibu chai," akasema haraka. "Baba Didas, kamletee fundi kikombe."

"Shikamoo mzee," nikasema. "Usiende. Daktari hakupunguza. Ilikuwa mara tatu, mpaka leo ni mara tatu. Mama anakuficha ili usiuze nyumba."

Mzee akacheka. "Fundi, utani gani huo asubuhi?" Akamgeukia mkewe. Akangoja amwambie ni utani. Mama Didas akavuta kanga ifunike vidole vya miguu. Sponji ikamdondoka mzee mkononi, hakuiokota.

"Jumatano ngapi?" akauliza.

Mama Didas akaikunja ncha ya kanga.

"Demetria, nakuuliza, Jumatano ngapi?"

"Nane."

Sikuwahi kumwona yule mzee akikimbia. Alikimbia. Akachomoa waya ukutani, akaingia ndani akatoka na mkoba wa hospitali, akamnyanyua mkewe mzimamzima, mtu wa miaka sitini na tano na mgongo wake, mie nikashika miguu. Ngozi ilibonyea chini ya vidole vyangu ikabaki na mashimo. Tukamkalisha mbele. Mzee akabonyeza kitufe, akawasha na kiyoyozi, ambacho mwaka mzima kilikuwa marufuku, akamgeuzia mkewe upepo wote usoni. Dashibodi ikasema kilomita kumi na tisa. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi jioni, ulirudi alfajiri tu.

"Mzee, hazitufikishi," nikasema. "Ngoja nitafute gari la kukodi, nitalipa mie."

"Tafuta! Unangoja nini?"

Nilikuwa nimeshatoa simu Mama Didas aliponishika mkono kupitia dirishani.

"Acha, Mfaume. Nafasi yangu ya Jumatano walishampa mtu mwingine. Wiki mbili sasa. Waliniambia wenye foleni ni wengi, hawawezi kuacha mashine inakaa tupu."

"Tutawaomba," mzee akasema. "Nitawapigia magoti. Mie karani wa serikali, watanisikiliza."

"Niliomba, mume wangu. Niliporudi kuomba nilishachelewa."

Mzee Kornelio alikuwa kashika usukani kwa mikono miwili, mkanda kaufunga, anatazama geti ambalo hakuna aliyelifungua. Mie nimesimama pale na simu mkononi. Mama Didas akanyoosha kidole, taratibu, akazima kile kiyoyozi.

"Na gari lizime, Baba Didas," akasema. "Unamaliza chaji ya Ijumaa."