Mfereji wa Fundi Saa

Jumanne, tarehe 9 Agosti. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, mvua haikunyesha wala nguo hazikukauka. Dobi alizianua zikiwa bado na unyevu kwenye mishono, akavaa gauni lake la kijivu, akashika njia ya ukumbi wa manispaa kwenda kusema uongo.

Hakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Mteja akimletea shati lenye doa la kutu, alimwambia palepale kwamba halitoki, hata kama angemkosa. Lakini jambo la leo lilikuwa limepangwa, na pande zote zilikuwa zimeridhika isipokuwa yeye.

Mumewe alikuwa fundi saa. Aliuawa katika miaka ya vurugu, na aliyemuua alikuwa seremala, jirani yao wa ukuta mmoja. Mfereji wa bati kwenye paa la fundi saa ulimwaga maji kwenye mbao za seremala. Seremala alisema mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu alikuja na nyundo. Dobi alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Alimsikia akisema, "Si nilikwambia uuhamishe?" Basi. Siku hiyo seremala alikuwa amevaa kofia ya chama chake, kama mtaa mzima ulivyovaa, kwa kuwa kofia zilitolewa bure na jua lilikuwa kali.

Vurugu zilipokwisha, seremala alikamatwa akawekwa mahabusu, na kesi yake haikusikilizwa kwa sababu mahakama yenyewe ilikuwa imechomwa. Kisha ikaundwa Tume ya Msamaha. Sheria yake ilikuwa fupi: aliyeua kwa siasa aachiwe, aliyeua kwa ugomvi wake binafsi abaki ndani. Gereza zima likagundua kwamba lilikuwa limejaa wanasiasa.

Seremala naye aliomba. Alisema alimuua fundi saa kwa kuwa alikuwa kinara wa chama pinzani, akikusanya watu dukani kwake kutwa nzima. Ni kweli walikaa kutwa nzima. Walikuwa wakisubiri saa zao. Marehemu mwenyewe akiulizwa chama chake, alimuuliza anayeuliza saa yake ina tatizo gani. Lakini chama pinzani, ambacho upande ule wa mji kilikuwa na upungufu wa mashujaa, kilipokea habari hizo kwa furaha. Katibu wake alikuja nyumbani kwa dobi na picha ya marehemu katika fremu, chini yake imeandikwa "Alijitoa mhanga". Dobi alipotaja mfereji, katibu alimsihi kwa heshima zote asilirudie neno hilo hadharani.

Angelirudia hata hivyo, kama si mama yake seremala. Bibi huyo ndiye aliyempokea dobi alipofika mtaani akiwa bibi arusi, na siku ya mauaji alikaa naye hadi asubuhi, yeye mama wa muuaji. Sasa macho yalikuwa yamefifia na miguu imevimba. Alikuja hadi ukutani akamwita.

"Mwanangu, sikuombi usahau. Nakuomba nizikwe na mtoto wangu."

Dobi alifikiri siku kadhaa. Mwishowe alimjibu kwamba atasema watakavyo, kwa sharti moja: seremala akitoka, aje mlangoni kwake aseme kwa kinywa chake kwamba sababu ilikuwa mfereji. Awaambie wengine apendavyo, ila yeye amwambie kweli. Bibi aliupeleka ujumbe gerezani, akarudi na jibu kwamba mwanawe amekubali.

Ukumbini mwenyekiti wa tume alimuuliza kama palikuwa na ugomvi wowote wa binafsi kati ya marehemu na mwombaji.

"Hapakuwa na ugomvi, mheshimiwa," dobi alisema. "Walitofautiana kisiasa tu."

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Dobi akaongeza kwamba yeye amekwisha kumsamehe. Karani wa tume aliacha kuandika, akamweleza kwa upole kwamba hilo halikuulizwa. Msamaha unaotolewa hapa ni wa kisheria, na haumhitaji yeye. Alasiri seremala aliachiwa huru.

Jioni alikuja kweli. Alikuwa amenyolewa, amekonda, shati la zamani linampwaya. Dobi alimpa kiti, naye akabaki amesimama.

"Shemeji, nimekuja kama nilivyoahidi."

"Nakusikiliza."

"Zile zilikuwa nyakati mbaya. Kaka alikuwa na msimamo wake, na mimi nilikuwa na wangu. Alikuwa mtu mzito kisiasa, lazima niseme. Namheshimu mpaka leo."

Dobi alipoona maneno yamekwisha, alimuuliza, "Na mfereji?"

"Mfereji gani, shemeji?"

Alimtazama usoni akitafuta uongo, asiuone. Wakili wake alikuwa amemkaririsha maelezo yale miezi na miezi, na ule ukweli ulikuwa umesuguliwa kama doa, hata ukatoka na kitambaa chenyewe. Seremala aliaga kwa adabu, akaenda kula na mama yake.

Asubuhi iliyofuata dobi alirudi ukumbini. Tume ilikuwa inahamia mji mwingine, na viti vinapakiwa kwenye lori. Alimkuta karani akifunga masanduku, akamwambia kwamba jana alidanganya.

"Kudanganya chini ya kiapo ni kosa, mama."

"Ndiyo maana nimekuja."

Karani hakuwa akitania alipouliza, "Kosa hilo ulilitenda kwa msukumo wa kisiasa? Kama ndivyo, tunaweza kukuingiza kwenye msamaha. Mamlaka yetu hapa yanakwisha adhuhuri."

"Hapana, baba. Nililitenda kwa ujirani."

Karani alisikitika, ujirani haukuwamo kwenye sheria. Dobi alimwomba basi aandike tu kwamba sababu ilikuwa mfereji. Karani alisema akiandika hivyo, seremala atarudi ndani kabla ya chakula cha mchana. Dobi akasema asirudi, mama yake anamhitaji. Iandikwe tu ilivyokuwa.

"Viwili hivyo haviandikiki pamoja," karani alisema. "Chagua."

Dobi alisimama pale mpaka kiti cha mwisho kikapakiwa. Kisha akasema, basi, acha ilivyo.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikuwa na taulo za kinyozi kwenye kapu, zimepigwa pasi na kukunjwa, akazipeleka. Wateja watatu walikuwa wamekaa, wawili wana povu mashavuni na mmoja amenyolewa upande mmoja, yaani watu wasioweza kuondoka. Alimpa kinyozi taulo zake. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuwaeleza mumewe aliuawa kwa ajili ya nini, tangu siku bati la ule mfereji liliponunuliwa. Kinyozi alimwonya kwa sauti ya chini kwamba maneno hayo yatafika kwa seremala kabla ya saa sita. Dobi alisema ndiyo, anategemea hivyo, akaendelea.