Hitilafu Isiyo na Mwenyewe

Dereva alikuwa amefungwa kwa waya kwenye bampa ya mbele ya jipu, na injini ilikuwa inawaka. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye chuma, mikono nyuma. Injini ilitetemeka kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiye fundi angepita bila kugeuka, lakini kola ya shati lake ilicheza kila mpigo mmoja ulipokosa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta sababu ya mtetemo huo. Kama sababu ingekuwa yeye, wangemuua hapohapo kwenye kiwanja changu.

Ilikuwa miaka ya vita. Karakana yangu ilikuwa Alunguli, palepale ilipo leo, na siku nyingi sikuwa na gari la kutengeneza. Watu walikuwa wameyavunja magari yao wenyewe ili yasichukuliwe: magurudumu yamefichwa kwa shemeji, betri imezikwa shambani, pampu ya mafuta iko chini ya kitanda. Jipu hili lilichelewa kuvunjwa. Askari walilichukua kwa mfanyabiashara mmoja wa Pangi, wakamchukua na dereva wake, na tangu hapo alikuwa anawaendesha wao.

Walikuja watatu, mkubwa wao na askari wawili. Mkubwa hakupandisha sauti hata mara moja.

"Fundi, hii mashini jana ilikuwa muzuri. Leo asubuhi niliambia uyu muntu tunaenda Pangi, kwao. Saa ileile ikaanza kutetemeka. Niambie: ni yeye ao si yeye?"

"Mukubwa, lazima niangalie kwanza."

"Angalia. Mpaka jua lifike hapa." Akaonyesha juu ya kichwa chake.

Ule mwendo wa injini inapowaka huku gari limesimama sisi tunauita ralanti. Gari la zamani likitetemeka kwenye ralanti, sababu ni nyingi na karibu zote ni za bure: mpira uliochoka, vumbi kwenye chujio, uzee. Mimi huenda kwa mpangilio, kuanzia kwenye rahisi. Nilitazama mipira inayobeba injini, ikawa mizima. Nilikwenda nyuma kutazama moshi. Ulitoka mweupe kidogo, kwa vipande. Kisha nikainama na kuweka sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake nikaigusisha kwenye injini, silinda moja baada ya nyingine.

"Muone," askari mmoja alimwambia mwenzake. "Anaisikiliza kama mwanamuke mwenye mimba."

"Basi aiulize baba ya mutoto ni nani."

Walicheka. Dereva naye alitabasamu, na hilo lilinitia hofu kuliko kicheko chao.

Nikafungua kizibo cha chini cha chujio la mazutu, yaani dizeli, na kukinga mafuta kwenye kopo la glasi. Chini ya kopo yalitua matone matatu, manne ya maji. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, kama ningemwambia mteja yeyote:

"Iko maji ndani ya mazutu."

Mkubwa alisogea. "Nani aliuzisha hii mazutu?"

Nilimjua aliyeuza. Mazutu Alunguli wakati ule iliuzwa na mama mmoja, kwa chupa, kwenye meza karibu na kivuko. Ningeweza kuliona paa la nyumba yake kutoka nilipokuwa nimesimama. Mkubwa alikuwa ameshatoa kalamu.

"Sema jina, fundi."

"Hakuna jina, mukubwa. Tanki ikibaki nusu, usiku chuma inatoka jasho. Jasho njo hii maji. Na ni kidogo, haiwezi kutetemesha mashini."

"Sasa hivi ulifurahi."

"Nilifurahi bure."

Alinitazama, kisha akarudisha kalamu mfukoni. Hapo nilielewa kitu ambacho kilipaswa kuwa wazi tangu mwanzo. Watu hawa hawakutaka hitilafu, walitaka mtu, na kila sababu ambayo ningetaja ingekuwa na mwenyewe. Ilibidi nipate hitilafu isiyo na mwenyewe, na jua lilikuwa limeshapanda.

Hatua iliyofuata ni ile ninayofanya mpaka leo. Kila silinda ina bomba lake dogo la mafuta, limefungwa kwa nati. Injini ikiwa inawaka, unalegeza nati moja. Sauti ikiharibika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Sauti isipobadilika, mgonjwa ni huyo. Nililegeza ya kwanza, injini ikakohoa. Nikaikaza. Ya pili, vilevile. Nilipoweka spana kwenye ya tatu, haikuleta ukaidi. Ilizunguka kama nati iliyofungwa kwa vidole. Chini yake palikuwa pamelowa, na kwenye kona mbili za nati chuma kilikuwa kimechubuka na kung'aa upya, kama inavyokuwa mtu asiye na spana anapotumia koleo.

Mtu alikuwa ameilegeza. Haikuwa kazi ya miezi, ilikuwa kazi ya siku hiyo.

Niliinua macho. Dereva alikuwa amegeuza shingo kadiri waya ulivyomruhusu, ananitazama mkono, si uso. Nilipangusa ule ulowevu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayesafisha. Nikajaribu ya nne, ikakohoa vizuri.

"Ya tatu njo mugonjwa," nilisema, na sauti yangu ilitoka sawasawa. "Zima mashini."

Nikang'oa enjekteri, kile kidude kinachorusha mafuta ndani ya silinda. Ncha yake ilikuwa nyeusi kwa masizi, kama enjekteri yoyote ya gari la umri ule. Nilimpelekea mkubwa ikiwa kwenye kiganja changu.

"Uone, mukubwa. Njo uzee. Imeziba. Hata ungeendesha wewe mwenyewe ingetetemeka."

Aliigusa kwa kidole, akatazama masizi, akapangusa kidole kwenye shati la dereva. "Safisha."

Niliisafisha kwa brashi ya waya na mazutu, nikairudisha, nikakaza nati ya tatu mpaka mkono ukauma. Injini ilipowashwa ilikaa. Niliweka kopo lenye yale maji juu ya kifuniko cha injini, na maji hayakucheza. Kwenye daftari langu, ambalo niliandika kila gari, dalili na sababu yake, niliandika: silinda ya tatu, uzee. Mkubwa alisimama juu ya bega langu mpaka nikamaliza. Katika daftari lile lote sijui mstari mwingine wa uongo.

Askari mmoja alianza kufungua waya. Mkubwa akaniambia niingie ndani, nifunge mlango, nisichungulie dirishani. Nilitii.

Mwaka huu, nikiwa nimeinamia jipu jingine la zamani lenye mtetemo karibu na ule, mwanamke wa makamo alisimama kiwanjani akangoja nizime injini. Alikuwa ametoka Pangi.

"Jambo, baba. Wewe njo fundi wa wakati wa vita?"

Alikuwa binti wa yule dereva. Baba yake hakurudi, wala hakuna aliyeiona maiti. Mama yake ni mzee sasa na bado hajakaa eda. Anasema hatakaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa, na wajukuu wanamtengea mumewe sahani mpaka leo. Binti alitaka jambo moja: gari lilipoondoka hapa, baba yake ndiye aliyeendesha?

Nilimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na nati. Hakushangaa. Kisha nikamweleza kile nilichosikia nikiwa nyuma ya mlango. Ralanti ilikuwa nzuri. Gari liliingia gia ya kwanza bila shida. Kwenda ya pili, gia zilisaga, vibaya, mara mbili, kisha zikashika na gari likaondoka kuelekea barabara ya Pangi.

"Baba hakusagaka gia hata siku moja," alisema.

"Mikono yake ilikuwa ndani ya waya toka asubuhi, mama. Mikono ya namna ile inasaga gia."

"Ao haikuwa yeye."

"Ao haikuwa yeye."

Aliniuliza kama nilisikia milango mingapi ikifungwa. Nilisikia mitatu. Walikuja watu wanne pamoja na dereva, lakini mlango mmoja wa jipu lile haukuwa unafungika, na sikumbuki ni upande gani.