Tonge la Baba

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliamini kwamba kila nyumba ya Kilolo ina tonge lake juu ya kichanja. Nilipoanza shule ndipo nilipojua ni nyumbani kwetu tu. Wenzangu walicheka, nami sikulitaja tena mbele ya watu.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa ukoo wetu akitaka kusafiri mbali, lazima ale ugali kabla ya kutoka. Tonge la mwisho huling'ata nusu, nusu nyingine huiacha kwenye sahani, ikafunikwa kwa bakuli na kuwekwa kichanjani, juu ya moshi wa jiko. Haliguswi. Siku akirudi, kabla hajanywa hata maji, hulitafuna, ingawa limekauka kama kokoto. Bibi, mama yake baba, alisema mambo haya yalianza kwa babu yake aliyechukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Nyumbani walimtunzia nusu ya tonge, naye akarudi, wakati wengi aliokwenda nao hawakurudi.

"Mtu harudi bure," bibi alikuwa akituambia. "Anarudi kumalizia chakula chake."

Alisimulia pia, kwa sauti ya chini, habari za mke mmoja wa ukoo aliyewapa kuku tonge la mumewe. Mume hakuonekana tena. Mke akarudishwa kwao, watoto wakabaki.

Masika moja baba alipanda lori la viazi kwenda Usangu ili arudi na mchele. Aling'ata tonge lake, akaaga, akaondoka. Siku aliyosema atarudi ilipita, na nyingine ikapita. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na simu. Kila siku alipanda kilimani kutafuta mtandao ampigie baba, akashuka na jibu lile lile: haipatikani. Mvua haikupumzika. Wapita njia walisema huko chini barabara zimejaa maji na kuna gari limesombwa. Gari la nani, hawakujua.

Alasiri moja tulikuwa jikoni sote. Shangazi akasema, "Hebu tulitazame tonge la kaka, lisije likaota ukungu na mvua hii." Akafunua bakuli.

Sahani ilikuwa tupu.

Nilidhani ni panya. Lakini panya asingefunika bakuli.

"Nani?" bibi aliuliza.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango akimenya viazi, tumbo lake kubwa limegusa magoti. Kisu kikasimama.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ile harufu yake ya moshi... Nilijizuia tangu juzi, nikashindwa."

Shangazi alipiga makofi kwa mshangao. "Wifi! Ninyi watu wa Tukuyu si mmezoea ndizi? Leo ugali mkavu ndio umekutamanisha?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Umemla kaka yangu."

"Ilikuwa hamu tu, wifi. Sikuwa na nia mbaya."

"Hamu! Mama, unamsikia? Afunge mzigo aende kwao. Kaka akirudi, atamfuata mwenyewe. Asiporudi..." Hakumalizia. "Atu atabaki hapa."

Atu ni mimi. Nilishika kanga ya mama kwa nyuma na kuibana kiganjani kwa nguvu zangu zote.  Mama hakuwa na ndugu hata mmoja pale kijijini, na siku hiyo ndiyo niliyolijua hilo.

Bibi aliinama akachochea moto. Kuni zilikuwa mbichi, zikitoa povu na moshi tu. Mwishowe akasema, "Mama Atu. Ulikula wewe, au alikula huyo?" Akaonyesha tumbo kwa kidevu.



"Kwani mimba inakula?" shangazi akauliza.

"Wewe ulipokuwa tumboni mwangu nilikitafuna kile kichuguu cha nyuma ya zizi kikaisha. Unadhani nilikuwa nakula mimi? Tangu ulipotoka sijalamba udongo." Akaonyesha tena tumbo la mama. "Aliyekula ni damu ya kaka yako mwenyewe. Tonge halijatoka kwake. Funika hilo bakuli, ulirudishe lilipokuwa. Na wewe Mama Atu, malizia viazi."

Shangazi alilirudisha. Habari ya mzigo haikutajwa tena.

Bibi akajifunika gunia la plastiki kichwani, akatoka. Baadaye nilitumwa kumwita ale. Nilimkuta amesimama barabarani kwenye mvua, anaitazama njia ya Usangu, midomo inacheza bila sauti.

"Nenda, mjukuu wangu, nakuja," aliniambia. Alirudi giza likiingia, na chakula hakukigusa.

Baba alifika kesho yake mchana, kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Lori lao lilikuwa limenasa, na simu yake iliingia maji. Kabla ya kusalimia mtu alinyoosha mkono kichanjani, akafunua bakuli, akabaki ameduwaa. 

"Mwanao amekutangulia," bibi alisema. "Kaa unywe maji."

Baba alilitazama tumbo la mama, akacheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. Alitoka nje, tukamsikia nyuma ya nyumba akilia kwa kwikwi.

Sasa nami ni mama, naishi Mbeya. Nilipokuwa na mimba nilinunua udongo sokoni na kuutafuna kwa kujificha, kwa hiyo hamu ya mama naijua. Kilichonichukua muda kukielewa ni bibi. Kila tulipokisimulia kisa hiki watu walicheka na kulisifu jibu lake, nami nikadhani aliliamini. Lakini mtu aliyeamini asingesimama barabarani namna ile. Kwa jinsi alivyolelewa, mwanawe alikuwa ameshapotea, na aliyempoteza alikuwa amekaa pale mlangoni na kisu cha viazi. Angeweza kumfukuza, na ukoo mzima ungesema amefanya sawa. Hata hivyo alimtafutia njia. Nikimtazama mwanangu amelala, sina hakika kama mimi ningeweza.

Sikuwahi kumwuliza. Bibi alipougua asiweze kuinuka, shangazi alikuja kumwogesha, lakini bibi alikataa. Alimtaka Mama Atu.