Mkono Niliouvuta Mara Mbili

Siku waliyomleta Mapendo nyumbani kwetu Kibua naikumbuka vizuri, mwanangu, hata harufu ya mbao mbichi kwenye shati lake. Alikuwa mpasua mbao, kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Asubuhi hiyo aliteleza juu ya gogo akaangukia bega, na wenzake wawili wakamshika huku na huku mpaka kwetu. Walikuwa wanamtafuta shangazi yangu, Mama Bahati, dada ya baba, ambaye upande wetu wote wa Walikale ulimjua kwa kukanda. Lakini shangazi alikuwa amekwenda Hombo kuuza mafuta ya ngazi, yaani mawese. Waliyemkuta ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Tangu utoto nilimfuata shangazi, nikimpashia maji na kumshikia chupa ya mafuta, hadi akaanza kuniachia migongo ya wamama waliotoka shambani. Mikono yangu ilikuwa na nguvu. Wamama walisema nikiwakanda wanalala vizuri, nami nikaamini hakuna maumivu yatakayonishinda. Sikujua kwamba niliyoyaweza yalikuwa uchovu tu: shingo iliyokaza kwa kubeba fuko kwa mkanda wa kichwani, kiuno kilichoinamia jembe tangu alfajiri. Uchovu unakubali mikono ya nguvu. Mfupa ni habari nyingine.

Nikaona bega limevimba, nikatangaza kwamba limetoka mahali pake. Niliwaambia wenzake wamshike kifua, nikaukamata mkono, nikauvuta. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima. Badala ya kusimama nikavuta mara ya pili, kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa watu wananitazama. Nikampaka mafuta, nikafunga kitambaa, nikamwambia kesho atakuwa mzima.

Kesho yake vidole vyake vilikuwa vya baridi, na hakusikia hata vilipofinywa.

Shangazi alifika kabla ya adhuhuri, akaenda moja kwa moja kwa Mapendo na mzigo bado mgongoni. Hakuligusa lile bega. Alivishika vidole tu, akamuuliza maswali kwa sauti ya chini, kisha akawaomba wanaume watengeneze tipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wampeleke hospitali mara moja. Halafu akaniita nyuma ya nyumba.

"Ulimuulizaka fasi gani iko inamuuma?"

Nikajibu hapana, sikuuliza panapomuuma.

"Na wakati alilia, uliachaka?"

Nikakiri kwamba nilivuta tena.

"Basi haikukuwa muntu njo ulikuwa unakanda," akasema. "Ilikuwa sifa yako."

Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniamuru tu nifuate tipoyi hadi hospitali, nimweleze daktari kwa mdomo wangu mwenyewe yote niliyoyafanya. Mke wa Mapendo alitembea mbele yangu, mtoto mgongoni, na njia nzima hakugeuka kunitazama. Nilikuwa na haya hata ya kuomba maji ya kunywa.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na bega, akasema, na kuvuta kwangu kulisogeza vipande vikabana mshipa. Wangechelewa kidogo, mkono ungepotea. Walimpasua, wakarudisha mfupa mahali pake, wakamfunga.

Miezi miwili baadaye Mapendo alikuwa nyumbani, mfupa umeshika, lakini mkono umekakamaa, hauinuki kupita kifua. Mpasua mbao asiyeweza kuinua mkono atalisha mke na mtoto kwa kazi gani? Hospitalini kulikuwa na mzee mmoja wa kunyoosha viungo, yule tunayemwita kinezi. Alisema mgonjwa anahitaji mtu wa kumfanyisha mazoezi kila siku, na hospitali ilikuwa mbali mno kwa safari ya kila siku. Shangazi akanitaja mimi. Kinezi alinifundisha siku tatu, na kila nilipobonyeza kupita kiasi aliondoa mkono wangu bila neno, nikaanza upya.

Nilipofika kwa Mapendo, mke wake alisimama mlangoni akakataa. Sikumlaumu. Nikarudi kesho yake, akakataa tena. Siku ya tatu nilimwambia, "Mama, mimi njo niliharibu huu mukono. Sikukuja kuomba musahau. Kinezi alinionyesha kazi, na nitafanya ile tu alinionyesha."

Sauti ya Mapendo ikatoka ndani. "Muache aingie. Lakini nikisema simama, unasimama."

Basi tukaanza. Kwanza kitambaa cha maji ya moto juu ya bega, mpaka nyama ilegee. Kisha mafuta kidogo, na viganja vinavyopanda polepole kutoka kiwiko kwenda begani, bila kukandamiza pale penye kovu. Mwisho anasimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole juu, kimoja baada ya kingine, hadi anapoweza, na mke wake anaweka alama ya mkaa ukutani. Mapendo alisema simama mara nyingi sana, mwanangu, na kila mara nilisimama. Alama zilipanda. Siku moja nilimkuta anachana nywele kwa mkono ule ule, mke wake anacheka jikoni, na siku hiyo ndiyo niliyopewa kiti na sahani ya bugali. Alirudi kwa msumeno wake. Kidole cha mwisho hakijapata kusikia vizuri mpaka leo, na kila tukionana naye nakitazama.

Baadaye niliolewa huku Masisi, na mikono hii haijapumzika. Nimekanda vizee waliopooza upande mmoja, nikikunja na kukunjua kidole baada ya kidole ili viungo visife. Nimewafundisha wamama wadogo kumnyoosha mtoto baada ya kumuogesha, kwa mafuta na kiganja chepesi, naye analala na mama anapumzika. Mwaka juzi alikuja mama mmoja aliyekimbia vita, mgongo umekaza kabisa, lakini hakutaka mtu amguse mgongo. Siku ya kwanza nilimkanda viganja tu. Siku ya pili miguu. Siku ya nne alinigeuzia mgongo mwenyewe, akalia kidogo, akasema endelea.

Kazi hii naijua, mwanangu, na nasema bila woga kwamba ni kazi kubwa. Inarudisha usingizi, inalegeza shingo iliyokaza, inamwinua aliyedhani hatainuka. Kwa hiyo, wewe unayeanza kukanda, shika maneno haya. Uliza kwanza, kisha uguse. Ukiona uvimbe baada ya mtu kuanguka, usivute, usisugue. Funga bila kukaza, mpeleke hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto bila sababu, usiukande. Tumbo la mwenye mimba usilibonyeze. Mkande mabega, na mwenye shida ya tumbo mpeleke kwa mkunga. Mtu akisema simama, simama, hata kama umati unakutazama. Ukikosea, jitokeze useme umekosea, kisha urudi mlangoni hata ukifukuzwa, ufanye kazi ya kurekebisha.

Mungu akulindie mikono yako isikauke wala isijivune. Wanaokuja kwako wamejikunja warudi kwao wamenyooka, na nyumba yako isikose amani katika milima hii. Amina, mwanangu.