Amissi na Jirani wa Nne

Fundi Amissi husikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Mtaa mzima wa Buyenzi hakuna anayemshinda, isipokuwa huyu anayewasimulia, ambaye hajawahi kushika spana.

Asubuhi ile aliamka akiimba. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimwahidi mkewe, Waridi, nyumba kule Kajaga yenye upepo wa ziwa, na leo alikuwa ananunua kiwanja cha Xavier. Kwa furaha akakosea: akawaketisha mashahidi kiwanjani, kasiye mbili, yaani kreti, za fanta mbele yao, karatasi ya mauziano haijasomwa. Na kwetu mashahidi wakishakunywa, kiwanja kimeuzwa, ukabishane na mbingu.

Ndipo akakimbilia mjini na karatasi yake kwa avoka, mwanasheria wake, Maître Ingrid.

"Binti yangu, angalia tu kama majina imeandikwa vizuri. Ingine niachie mi."

Majina yalikuwa sawa. Ingrid hakuirudisha karatasi.

"Papa Amissi, majirani watatu wamesaini. Upande wa nne ni nani?"

"Ni ziwa. Jirani mupole, hana mbwa, hana redio."

"Iko mbali?"

"Hatua makumi tatu. Na unaona miguu yangu ilivyo mifupi."

"Karibu hivyo sheria inakataza kujenga. Serikali itakuja kubomoa."

"Mi nilikuomba usome majina, we unasoma ziwa."

"Mutu akikuletea gari ubadilishe oili tu, ukaona breki imekatika, utanyamaza?"

Amissi akakumbuka. Wiki ile ile alikuwa amemnyima padri mmoja ufunguo wa gari lake kwa sababu ya breki mbovu, padri akitishia kumsomea Zaburi. Akachukua simu, akampigia mkewe aliyebaki kiwanjani na mashahidi.

"Waridi, watu wasikunywe."

"Shahidi mumoja, Pierre, amefungua yake."

"Amekunywa?"

"Anainusa."

"Muzuie."

Waridi, mama wa kilo tisini na heshima zake, akamnyang'anya Pierre chupa, akazikalia kasiye zote mbili. Jua likawaka. Mashahidi wakameza mate, Xavier akanung'unika. Waridi akawauliza habari za watoto, mmoja mmoja, bila haraka.

Amissi alipofika kwa pikipiki, roho mkononi, alimkuta Waridi bado amekalia kasiye, anacheka.

"Xavier ana kiwanja ingine, parsele ya juu kule, ng'ambo ya barabara."

"Na upepo wako?"

"Unafika. Nimesimamisha Pierre kule na kitenge changu, kikapepea."

Amissi akampigia Ingrid. Safari hii hakumchagulia cha kutazama.

"Binti, njoo na viatu vya kutembea. Soma karatasi, soma udongo, soma na Xavier mwenyewe."

"Na hawa mashahidi?" akauliza Waridi.

"Wangoje. Na we usinyanyuke."