Mlingoti Nilioinua Peke Yangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama ndani ya mashua yangu kando ya Nile, pale Rhino Camp, kamba mkononi, nikimfukuza mzee aliyekuja kunisaidia. Nimechoka kuisimulia habari hii. Lakini jana nilikusikia ukijigamba kwamba wewe huna haja ya mtu, basi kaa, nichoke mara moja zaidi.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka Zaire. Sisi watu wa Koboko tulikimbia baada ya serikali kuanguka mwaka wa sabini na tisa, maana baba zetu wengi walikuwa wamevaa sare za jeshi lake, na sare ya baba ilimhukumu hata mtoto. Mimi nilipita Vurra nikaingia Zaire. Mama na dada yangu Zubeda walipita Oraba wakaingia Sudan. Kwa miaka mingi sikuwaona. Huko uhamishoni nilipewa kila kitu: unga, blanketi, sufuria, hata sindano. Ukipewa kila kitu, mwanangu, hufika siku ukauchukia mkono unaokupa. Nikaapa kwamba nikirudi kwetu sitamwomba mtu hata kaa la moto.

Nyumba yetu Koboko niliikuta majani matupu. Nikashuka mtoni, pale Rhino Camp, kuvua samaki, nikapata mashua kuukuu ya mbao, nikaiziba matundu. Jirani yangu alikuwa Mzee Onzima, Mlugbara, mwenyeji wa hapo, mvuvi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Tulisalimiana vizuri. Lakini akiniletea samaki, nilihakikisha nimemrudishia samaki siku hiyohiyo, naye alikuwa akinicheka.

Kisha habari ikaja kwamba mama amerudi kutoka Sudan. Alikuwa kwa Zubeda, ng'ambo ya mto, mbali kidogo kwa juu, naye ni mgonjwa. Alitaka jambo moja tu, alale Koboko kabla hajafa. Njia ya kuzunguka kwa lori ilikuwa mbovu, ingemmaliza. Nikasema nitamleta kwa mashua mpaka kwangu, kisha Koboko.

Mzee Onzima alisikia, akaja asubuhi hiyo ninayokuambia.

"Rajabu, mimi na ndugu yangu mbili tunapiga kafi. Kesho tunaenda, kesho kutwa mama iko hapa."

"Asante, mzee. Nitaweka mlingoti na tanga. Nitakwenda mwenyewe."

"Hii mti iko nzito sana. Mutu moja hawezi simamisha. Hapa kwetu mutu anapika maharage, anaita watu, watu inakuja."

"Sina maharage, mzee."

"Basi tunakuja bila maharage."

Nikamjibu kwamba sikumwita. Naam, nilimjibu hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Alinitazama, akakohoa, akasema, "Mama yako iko ngoja wewe. Hapana ngoja mti." Akaenda zake.

Nikaanza kazi. Ninakiri kwamba kichwa changu kilikuwa kizuri, ila kiburi kilikipanda kama punda. Mlingoti wenyewe ulikuwa mkalitusi mbichi, mrefu kuliko mashua. Nililaza shina lake katikati ya mbao mbili, nikalipitisha bolti niliyoitoa kwenye lori lililoungua, ili mti uweze kuinuka bila kuteleza. Kisha nikafunga miti miwili ikakutana juu, nikaisimamisha mbele kama miguu ya mtu aliyejitanua. Kamba ikatoka ncha ya mlingoti, ikapita juu ya miguu ile, ikashuka kwenye ringi ya baiskeli niliyoifanya gurudumu la kuvutia, ikaja mikononi mwangu. Ukivuta, mti unainuka. Tanga nililishona kwa magunia ya ule unga wa wakimbizi. Nilikuwa nimeapa kutoshika tena msaada wa mtu, na huku nashona msaada huo niufanye tanga! Sikuliona hilo wakati ule.

Mara ya kwanza mti uliinuka nusu, ukayumba, ukaanguka ubavuni na kupasua ubao wa mashua. Sikuwa nimefunga kamba za pembeni, maana kwa kawaida mtu wa kulia na mtu wa kushoto ndio huzishika. Kuziba ubao kulinichukua siku tatu. Mara ya pili ringi ikapinda. Nikaenda Arua kutafuta nyingine, siku mbili zikapita. Kila asubuhi Mzee Onzima alipita na nyavu zake, akasimama kidogo, akasubiri nimwite. Nilijifanya sioni.

Siku ya kumi na moja mlingoti ukasimama. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, mikono ikitoka damu. Upepo ulikuwa mzuri. Nikaondoka kesho yake alfajiri, na mchana nikafika.

Zubeda alikuwa ukingoni, kitambaa kimefungwa kichwani. Hakunipungia mkono. Aliingoja mashua itulie ndipo akasema, "Tumemzika juzi."

Nilishuka ukingoni, kamba bado mkononi.

"Kila siku alisema, mniweke nje, nione mto. Mtumbwi ikipita anauliza, iko Rajabu? Namwambia, bado, mama. Anasema, iko njiani, mtoto yangu hawezi chelewa."

Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu hili hapa, zima. Mungu angenivunja mguu ningeshukuru.

Nilirudi na Zubeda na mkeka wa mama. Habari ilikuwa imenitangulia, sijui kwa mtumbwi gani. Mzee Onzima na ndugu zake walikuwa mlangoni kwangu, na wake zao wamekwisha kuwasha moto, sufuria ya maharage juu. Alinipakulia sahani. Baada ya kula nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza, "Mzee, naomba mnisaidie kuushusha ule mti. Sitaki kuuona." Wakaenda watu wanne, pamoja na jirani mmoja. Mmoja kulia, mmoja kushoto, wawili mbele. Walirudi kabla chai haijachemka.

Sikiliza basi, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo unalijua tangu utotoni, hata mimi nililijua. Lakini mimi sikushindwa. Mti ulisimama, na wavuvi walikuja kuutazama. Ndiyo maana nakuambia usijidanganye kwamba kiburi hukuadhibu kwa kukuangusha. Mara nyingine hukuacha ufaulu, ukakuta uliyemfanyia kazi hayupo. Unapokataa mkono wa jirani, jiulize kwanza ni nani mwingine anayelipa siku zile. Si wewe peke yako. Mama yangu alizilipa, akiwa mkekani, akinitetea.

Omba msaada mapema. Aibu ya kuomba haidumu. Hii yangu nimezeeka nayo.

Sasa nenda. Mungu akupe watu wa kuwaita na ulimi mwepesi wa kuwaita. Na akiwapo anayekungoja ng'ambo, Mungu akufikishe angali anauliza jina lako.